Nilimnyamazisha Baba Mkwe kwa Bafle Tano

Nimekosa, ndugu msomaji, na sitaki kuzunguka. Nimekosa mimi mwenyewe, kwa kidole gumba cha mkono wangu wa kulia, juu ya kitufe cha telekomandi, yaani rimoti. Hakuna shetani wala jirani wa kumsingizia, na niamini, nilimtafuta kwanza.

Mi ni mtu wa nyumbani. Wanaume wenzangu hapa Kanyosha, Bujumbura, wakitoka kazini wanapita kwenye mishikaki, mi napita moja kwa moja kwenye kochi. Zamani mke wangu, Mama Bella, alijivunia jambo hilo mbele ya wenzake. Siku hizi anasema heri angeolewa na mlevi, maana mlevi akifika hulala.

Tatizo ni kwamba mbele ya kochi langu kuna mashine. Niliitoa mtaa wa Kinindo, kwa bwana mmoja wa shirika aliyekuwa anafunga mizigo arudi kwao. Ni ampli, lile sanduku jeusi linalopokea sauti ya televisheni na kuzigawia spika, ambazo sisi tunaziita bafle. Bafle mbili mbele, mbili nyuma ya kochi, moja katikati chini ya televisheni. Juu ya hapo kuna boksi la besi, ambalo Mama Bella aliligeuza meza ya maua siku ileile. Bwana yule alinipa na kitabu cha maelezo, kwa Kijerumani. Nilikisoma chote! Michoro ilikuwa mizuri sana.

Ampli hii ina kitufe cha kuchagua modi, yaani namna sauti itakavyogawanywa. Kuna Stereo, inayotoa sauti kwenye bafle mbili za mbele, basi. Modi ya maskini, nilikuwa naiita. Kuna Kanisa, ukiiweka unahisi padri anahubiri kutoka bafuni. Kuna Uwanja. Halafu kuna Sinema, bosi wao wote: inachambua sauti, vishindo inavipeleka pembeni na nyuma, na maneno ya mtu anayeongea inayaweka kwenye bafle ya katikati, chini ya picha, ili neno litoke mahali mdomo ulipo.

Shika hapo. Maneno ya mtu, bafle ya katikati. Ningeshika mimi, leo usingekuwa unapoteza muda wako kusoma habari zangu.

Miezi kadhaa kabla ya kosa lenyewe, nilikuwa natazama mpira. Mtangazaji alikuwa anaongea kama mtu aliyelipwa kwa kila neno. Nikafikiri: huyu mtu anakaa wapi? Katikati! Nikapiga magoti, nikachomoa waya wa bafle ya katikati. Kelele za uwanja zikabaki zote, filimbi, mashabiki, ila mtangazaji kimya kabisa. Nilihisi kama nimegundua dawa ya malaria. Nilialika majirani waje waone mtu aliyemfukuza mtangazaji sebuleni kwake. Walipiga makofi. Hata hilo lilisikika vizuri.

Waya ule sikuurudisha. Muziki nilisikiliza kwa Stereo, mpira kwa Sinema bila mtangazaji, na Mama Bella alikuwa anazima ampli yote kabla ya kutazama filamu zake, kwa sauti ya televisheni yenyewe. Alisema hataki kusomea umeme ili ajue nani amemwacha nani. Kwa hiyo katika nyumba yangu hakuna aliyekumbuka kwamba mashine yangu ya fahari ilikuwa bubu katikati.

Sasa nije kwa Databukwe, baba mkwe wangu.

Alikuwa mzee wa Rutana, mrefu, wa maneno machache. Ukimsalimia alijibu, ukimuuliza aliangalia mlima. Mwaka jana mdogo wake Mama Bella alitolewa mahari, na sherehe ikafanyika kwa mzee. Kawaida kwetu kila familia ina msemaji wake, wale mabingwa wanaoweza kumsifu ng'ombe nusu saa. Lakini siku ile, mwishoni, mzee alisimama mwenyewe na kuomba mikro, yaani kipaza sauti. Watu walishtuka. Inasemekana hata mbuzi alinyamaza.

Nasema inasemekana kwa sababu mi sikusikia. Nilikuwa nyuma ya hema, nimezima zile spika za kukodi za upande wa jikoni, kwa sababu kwa masikio yangu ya kitaalamu zilikuwa zinakoroma. Na mama mkwe, Mabukwe, alikuwa ndani na wanawake wakimpamba binti, upande uleule wa jikoni nilioukata sauti. Kwa hiyo naye hakusikia neno. Ndiyo, ndugu msomaji. Hesabu vizuri. Mara ya kwanza ilikuwa hiyo.

Wiki chache baadaye mzee akafariki.

Video ya sherehe ilipigwa na Désiré, fundi wa video wa mtaa wetu, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, ambaye hata akipiga picha ya kitambulisho anakuomba ukae kwa heshima. Alileta flash katikati ya kilio. Mabukwe hakutaka ichezwe. Aliifunga kwenye pindo la kitenge chake akasema itafunguliwa tukishaganduka, yaani tukishamaliza kilio kwa sherehe yake. Mwaka karibu mzima ile flash ilikaa kwenye pindo. Alibadilisha kitenge, akaihamisha pindo.

Tukaganduka. Wiki iliyofuata Mabukwe akashuka Bujumbura kuonana na daktari wa macho, maana macho yake yamefunga ukungu, anaona mtu kama kivuli cha mtu. Jumapili mchana akafungua lile pindo, akamkabidhi Mama Bella flash. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mama huyu hakuja kutazama picha. Alikuja kusikia mume wake alisema nini siku ile aliyosimama kuongea bila kulazimishwa.

Niliwaalika ndugu wote walioko mjini. Nilimwalika Désiré, tumshukuru. Jirani yetu Mama Nadine naye akaja, kwa sababu alikuwa ameshamchukua Désiré apige picha za harusi ya binti yake. Nilipanga viti kama sinema. Mabukwe nikamweka katikati kabisa, mahali ambapo, kwa mujibu wa michoro ya Kijerumani, sauti hukutana.

Désiré alipendekeza tuchomeke flash kwenye televisheni, tusikilize hivyohivyo, inatosha. Nilimcheka. Nikawaeleza wageni kwamba kuna watu walikutana na sauti kwenye redio ya baba yao na hawajawahi kuendelea mbele. Nikachukua telekomandi, nikanyoosha mkono kama askofu, nikaweka Sinema.

Ilianza vizuri ajabu! Vigelegele kutoka nyuma ya kochi. Viti vikiburutwa upande wa kushoto. Shangazi mmoja aligeuka kuangalia nani anacheka mlangoni. Nilijiona mtu mkubwa.

Kisha mzee akasimama kwenye skrini. Akashika mikro. Makofi yakaja, yakaisha. Mzee akafungua mdomo.

Kimya.

Alikuwa anaongea, mdomo unaenda, mkono unaenda. Kwenye bafle kulikuwa na upepo, mtoto mmoja anakohoa mbali, na nyuma yetu kitu kama mwangwi wa mtu aliye kwenye nyumba ya tatu.

Mabukwe aliinamisha kichwa. Akauliza polepole, "Mukwe wangu, ameanza kuongea?"

Na mi, nikiwa naangalia midomo ya mzee ikitembea, nikasema, "Bado, Mama."

Akangoja. Nikabonyeza Uwanja. Nikabonyeza Kanisa. Nikarudi Sinema, nikaongeza sauti, upepo wa Rutana ukajaa sebuleni, maua yakatetemeka juu ya besi.

"Nasikia watu wamenyamaza," akasema tena. "Watu huwa wananyamaza wakati yeye anasimama."

"Bado, Mama."

Mara mbili! Nilimdanganya mara mbili mama asiyeona, ili tu nipate muda wa kubonyeza. Mambo mengine yote nimejisamehe kidogokidogo. Hilo bado.

Désiré alisogea karibu yangu, akanong'ona, "Grand, kaka, weka Stereo kidogo tu." Mama Bella hakunong'ona. Alisema nizime lile sanduku, televisheni iongee yenyewe. Ndugu msomaji, hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Ningebonyeza kitufe kimoja, mzee angeongea. Lakini modi ya maskini, mbele ya wageni, baada ya hotuba yangu yote ile? Apana!

Nilisimamisha picha, nikamgeukia Désiré. Nikasema kwa sauti ya daktari anayetoa majibu kwamba mashine hii haijui kudanganya, kilichorekodiwa ndicho inatoa.

"We Désiré, ulisahau kuwasha mikro," nikamwambia. "Ulitupigia sinema ya bubu."

Akasema, "Mikro iliwaka. Nilimusikia mi mwenyewe mu spika za masikio."

"Sasa amekwenda wapi?"

Désiré alimwendea Mabukwe, akamshika mikono yote miwili, akamuaga. Bia yake aliiacha mezani haijafunguliwa, na hapa kwetu hakuna asiyejua kwamba kumwachia mwenyeji chupa imefungwa ni kumwambia urafiki umeisha. Mama Nadine akasema, bila kumtazama mtu, kwamba kwa ajili ya harusi itabidi atafute mwingine. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyetoa ushauri bora.

Kisha nikamwambia Mabukwe kwamba sauti haipo. Akasema, "Apana neno. Hata akiwa muzima aliongea kidogo." Mama Bella alipotaka kumrudishia flash, alikataa. Alisema tubaki nayo, yeye picha haimsaidii. Jumatatu akaonana na daktari, Jumanne akapanda gari la Rutana, na pindo la kitenge chake halikuwa na kitu.

Jumatano jioni nilikuwa naoga.

Nimejipaka sabuni mpaka masikioni, nikasikia sauti ya mwanaume sebuleni kwangu. Sauti ya chini, ya polepole, ya mtu anayehesabu maneno kabla ya kuyatoa. Nikaijua. Nilitoka na taulo na povu, na unajua mkwe hatakiwi kuonekana mbele ya baba mkwe hata bila viatu.

Mama Bella alikuwa amesimama mbele ya televisheni, pasi mkononi. Alitaka kuangalia tena gauni la mdogo wake wakati ananyoosha nguo, na kama kawaida yake akazima ampli. Mzee alikuwa anaongea. Kwa vile vispika viwili vya televisheni vya ukubwa wa kifuniko cha chupa, kila neno safi.

"Kaa chini," akaniambia. "Baba anaongea."

Nikakaa, na taulo.

Mzee alimkaribisha mkwe wake mpya kwa maneno kama matano. Kisha akasema, nayaandika kama alivyoyasema: "Mukubwa wako, mukwe wa kwanza, simuoni hapa. Nasikia yuko nyuma anatengeneza mashini. Ni mutu muzuri, anapenda mutoto wangu. Siku moja mutamufundisha kuzima." Watu wakacheka sana kwenye video. Mama Bella hakucheka. Alinitazama tu, sabuni inakauka.

Mzee akangoja kicheko kiishe. "Na mama wa watoto, ule uko mu nyumba. Miaka yote hii chai yako ya asubuhi nakunywa, nanyamaza. Ni tamu. Nilikuwa nataka niseme mbele ya watu. Asante." Akarudisha mikro, akakaa.

Hayo ndiyo niliyoyachuja na mashine yangu ya kifahari. Vigelegele, viti, mtoto anayekohoa, vyote vilipita. Kilichobaki kwenye chujio ni asante ya mzee kwa mke wake, kwa sababu mi nilikuwa nimemfukuza mtangazaji wa mpira.

Nilipiga magoti nyuma ya meza, nikaushika ule waya. Ulikuwa umelala pale na vumbi lake. Mama Bella akauliza niliuchomoa lini. Nikamwambia, siku ile ya mpira. Akasema, "Ile siku ulipigiwa makofi," akarudi kwenye pasi. Mwanamke huyu anaweza kusema dakika arobaini kuhusu chumvi, hapo alisema maneno manne.

Kesho yake nilienda kwa Désiré. Ana chumba kidogo karibu na soko, na kitambaa cha bluu ukutani. Nilimweleza yote, waya, modi, mtangazaji. Alinisikiliza huku anafuta lenzi. Nilipofika mwisho nikasema nimekuja kuomba radhi, hapa, kati yetu wawili, kama wanaume.

"Wakati wa kunichafua, tulikuwa wawili?" akaniuliza.

Nikasema apana.

"Basi rudi useme mahali kuna watu."

Nilianza na Mama Nadine. Alinisikiliza vizuri, akaniambia amekwisha kumchukua fundi mwingine na hawezi kumrudisha. Hilo halitengenezeki. Harusi ya watu imepigwa picha na mtu aliyekata vichwa vya wazee wote mstari wa mbele, na kila ukimwona Mama Nadine anafungua albamu, ananitazama mimi. Kisha nikazunguka kwa ndugu wote waliokuwepo, mlango kwa mlango. Kwa mtu wa kochi, hiyo ilikuwa hija. Na haya maandishi unayosoma ni sehemu ya adhabu: Désiré alisema ndugu na Mama Nadine hawatoshi, kwa sababu habari ilikwisha vuka mtaa.

Lakini mlango mgumu ulikuwa Rutana.

Nilitaka kupiga simu, tumwekee Mabukwe sauti kwenye simu. Mama Bella akasema uongo niliupeleka uso kwa uso, kwa hiyo na ukweli utasafiri hivyohivyo. Désiré ndiye aliyetusaidia, na hakuwa na sababu yoyote ya kutusaidia. Alitoa sauti ya mzee kwenye video, akaiweka kwenye flash nyingine, akaniambia ninunue ile redio ndogo ya sokoni yenye tundu la flash. Spika moja, kubwa kama kikombe cha uji. Nilimuuliza modi gani nitumie. Aliniangalia mpaka nikatoka.

Jumamosi tukafika. Mabukwe alikuwa uani anachambua maharage kwa vidole, maana vidole vyake ndivyo vinavyoona siku hizi. Nikakaa chini, mbali kidogo, kama mkwe anavyotakiwa kukaa. Nikamwambia, "Mama, siku ile uliniuliza kama ameanza kuongea. Alikuwa ameanza. Mi ndiye nilimufunga mudomo, halafu nikakudanganya."

Vidole vyake vilisimama juu ya maharage. Alinyoosha mkono, nikamwekea redio, akaipakata kama kifaranga. Mama Bella akabonyeza.

Alimsikiliza mume wake kichwa kikiwa kimeinama. Kwenye sehemu ya mkwe wa kufundishwa kuzima, mdomo wake ulicheza kidogo. Kwenye chai, alishika kitenge chake akakaza. Mzee aliposema asante, akakaa, watu wakapiga makofi, naye akabaki vilevile mpaka makofi yakaisha.

"Rudisha," akasema.

Tulirudisha. Sijui mara ngapi. Mara ya mwisho alisema, akiongea na ile redio na si sisi, "Miaka yote. Na mi nilifikiri sukari ni kidogo."

Akanyanyuka, akapapasa ukuta mpaka jikoni, akawasha moto. Hakukubali kusaidiwa. Aliniletea chai mwenyewe, kikombe cha kwanza, na nilikuwa sistahili hata maji ya kunawa. Nikanywa. Ndugu msomaji, ile chai ilikuwa tamu, na sikungoja miaka. Nilisema palepale, kwa sauti.

"Nimesikia," akanijibu. "Mukwe wangu, ile mashini yako iko na midomo tano. Wangu alikuwa na moja, na alitumia siku moja. Usimuguse tena."

Flash aliifunga kwenye pindo. Redio ikabaki kwake. Anasema asubuhi anaitoa flash pindoni, anamsikiliza wakati maji yanachemka.

Kwa hiyo wewe unayejiita fundi wa sebule, unayesoma michoro ya lugha usiyoijua, sikia. Mtu akiwa anaongea, weka Stereo, au zima kabisa, acha televisheni ijisemee. Kabla ya kumwambia fundi wa watu kwamba hakurekodi, piga magoti nyuma ya meza yako uhesabu waya. Na mtu aliyengoja mwaka mzima akikuuliza kama ameanza kuongea, usimwambie bado. Mwambie, "Mama, anaongea, mi ndiye sijui mashine." Sentensi fupi tu! Ingeniokolea safari, jirani na fundi mmoja mwenye mvi.

Waya nimeurudisha. Jumapili natazama mpira na mtangazaji wangu, dakika tisini, anaongea kama maji ya mfereji uliopasuka. Nikigusa tu telekomandi, Mama Bella anasema kutoka jikoni nimwache mtu aongee. Namwacha.

Désiré nilimsomea haya kabla ya kuyatuma. Alilalamika sijaweka jina langu. Kisha akafikiri, akasema sawa, acha hivyo, Kanyosha nzima hakuna mwingine mwenye bafle tano na kitabu cha Kijerumani. Safari hii nilimpa chupa nikiwa nimeishika mwenyewe. Aliifungua.